Trekta Dogo la Mtumba: La Kutunza Eneo, Si la Kulifungua

Mwenye ekari tano za miembe na nyumba ya wageni huko Bagamoyo, mkuu wa shule yenye viwanja vya michezo visivyoisha nyasi, na kijana aliyepata kandarasi ya kutunza bustani za hoteli, wote hufika mahali pamoja. Panga na mashine ya kubeba begani havitoshi tena. Trekta kubwa la kukodi nalo halipiti getini, na likipita linavunja matawi na kuacha makovu kwenye nyasi. Hapo ndipo mtu anapoanza kuulizia matrekta madogo ya Kijapani yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa: Kubota, Yanmar, Iseki, Shibaura, Mitsubishi, yenye nguvu za farasi 15 hadi 30, mengi yakiwa na fowili.

Ninayapenda matrekta haya, na ninaamini kwa eneo la kati hakuna mashine inayolipa kuyazidi. Lakini mengi yanakufa kabla ya wakati wake, na chanzo kikubwa ni kimoja: yamenunuliwa ili yafungue ardhi. Trekta dogo kazi yake ni kutunza eneo ambalo tayari limefunguliwa. Likifyeka, likisawazisha njia, likivuta tela la mbolea na maji, likichimba mashimo ya miche na kulainisha udongo wa bustani, litadumu miaka. Ukilituma kung'oa visiki na kupasua ardhi ya mbuga iliyokauka, utakuwa ukimlipa fundi kila mwezi.

Asili yake ndiyo inayoeleza hili. Mengi yalijengwa kwa ajili ya mashamba ya mpunga ya Japani, ambayo ni madogo, tambarare na yenye udongo uliolowa. Yalikuwa yakizungusha rotaveta kwenye tope kwa wiki chache za mwaka, kisha yakarudi bandani. Wakulima wa huko wamezeeka, warithi wengi wameenda mijini, na mashine zinauzwa zikiwa na umri mkubwa lakini saa chache za kazi. Hiyo ni faida ya kweli kwa mnunuzi. Hasara yake ni tope lenyewe. Ekseli ya mbele ya trekta la fowili ina gia ndani, karibu kabisa na magurudumu, na sili zake zikichoka maji ya jaruba huingia na kukaa humo. Utakuta injini bado changa na ekseli ya mbele imeliwa na kutu.

Kwa hiyo usianze na yadi ya muuzaji. Anza kwa kutembea eneo lako na daftari. Andika upana wa geti, nafasi kati ya mistari ya miti, sehemu zenye mteremko, urefu wa njia ya kifusi, na siku ngapi kwa mwaka kila kazi inahitajika. Slasha, yaani zana ya kufyekea inayofungwa nyuma ya trekta, ya upana wa mita 1.2 inataka trekta la nguvu za farasi karibu 20. Ukiweka kubwa zaidi kwa tamaa ya kumaliza haraka, injini itahema kwenye nyasi ndefu za masika. Kama kazi yako yote ni siku mbili tatu kwa mwaka, kodi, usinunue. Kama ni robo ekari ya bustani mbele ya nyumba, mashine ya kusukuma inatosha. Na kama eneo bado ni pori, mwite mwenye Massey Ferguson ya nguvu za farasi 50 au 75 alilime, aondoe visiki na kuvunja vichuguu, umlipe, aende zake. Kisha trekta lako dogo lipokee hapo. Fedha ya kukodi kwa siku hizo ni ndogo kuliko bei ya gia moja iliyovunjika.

Wapo wanaouliza habari za pawatila, yaani trekta za kutembea nyuma yake, zilizosambaa sana Tanzania tangu mpango wa Kilimo Kwanza wa mwaka 2009. Kwenye jaruba ni chombo kizuri. Kwa kufyeka na kubeba mizigo kwenye bustani siku nzima, inamchosha anayetembea nyuma yake na haiwezi kunyanyua kitu. Na kwa mashamba ya miteremko mikali kama ya Lushoto, ushauri wangu ni kwamba trekta la aina yoyote lisiingie.

Sasa ukaguzi, na hapa nakusihi usiwe na haraka. Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji mapema asiliwashe kabla hujafika. Weka kiganja karibu na injini; ukikuta ni ya moto, rudi siku nyingine, kwa sababu dizeli iliyochoka huficha ugonjwa wake ikishapata joto. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya baridi. Maji yenye utando wa mafuta yanaonyesha gasketi iliyoungua au ufa. Vuta dipstiki. Oili nyeusi kwenye dizeli ni ya kawaida, ila iliyopauka na kuwa nzito imeingiliwa na maji. Angalia hivyo hivyo oili ya giaboksi na haidroliki, ambayo kwenye mengi ya matrekta haya ni oili moja.

Liwashe. Kwenye joto la pwani injini nzima haipaswi kusumbua. Moshi mweupe wa muda mfupi hauna neno. Ukiendelea hata injini ikishapata moto, fikiria nozeli mbovu, mgandamizo uliopungua au maji yanayoingia kwenye silinda. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi mzito usiokoma ni hewa isiyotosha au dizeli inayomwagwa kupita kiasi, na mara nyingine dawa yake ni chujio jipya la hewa tu. Kisha fungua kifuniko cha kumiminia oili injini ikizunguka polepole. Mvuke mwepesi ni sawa. Ukitoka kwa msukumo mkali, ringi na silinda zimechoka.

Nenda mbele na nyuma kwa kila gia, ya polepole na ya kasi, na sikiliza kila moja. Ingiza PTO, yaani shafti ya nyuma inayozungusha zana, kwenye kila nafasi yake. Peleka trekta kwenye mchanga au udongo laini, weka fowili, na angalia kama matairi ya mbele yanachimba kweli. Lipo trekta ambalo mkono wa fowili unaingia vizuri na ndani hakuna kinachoshika. Legeza kidogo boliti ya kumwagia oili ya ekseli ya mbele. Yakitangulia kutoka maji, umeshapata jibu. Muuzaji akikukatalia jaribio hili, hilo nalo ni jibu.

Kwa haidroliki, ning'iniza jembe au slasha nyuma, inyanyue hadi juu, zima injini na uitazame. Kushuka taratibu ni uzee wa kawaida. Kuporomoka ndani ya dakika moja ni sili au vali zilizokwisha. Mipira ya haidroliki usiikague kwa mkono mtupu kutafuta uvujaji. Tumia kipande cha boksi. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kwa shinikizo kubwa hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo linaweza kumgharimu mtu kidole au mkono. Akipatwa mtu na jambo hilo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama haumwi.

Halafu piga magoti. Matrekta mengi madogo hayana chesisi. Injini, nyumba ya klachi na giaboksi vimefungwa pamoja, na hivyo ndivyo vinavyobeba kila kitu. Tafuta nyufa na alama za kuchomelea pale injini inapokutana na nyumba ya klachi, hasa kama trekta limewahi kufungwa kijiko cha mbele. Elewa pia kwamba kubadilisha klachi hapa ni kulikata trekta nusu kwa nusu, kazi ya siku nzima au zaidi.

Mita ya saa hubadilishwa kwa bisibisi, kwa hiyo soma yale yasiyobadilishwa kirahisi: mpira wa pedali, siti, usukani unaocheza, matundu ya pini za nyuma yaliyokwisha kuwa mapana. Rangi mpya isikupumbaze. Ikiwa imepita juu ya mipira, nyaya na vibandiko, mtu ameficha sehemu zilizokuwa zikivuja. Mimi ningechagua trekta lenye rangi iliyofifia na vumbi la kawaida, ili nione mafuta yanatokea wapi.

Matairi nayo yana siri. Kwenye fowili, mzunguko wa tairi la mbele na la nyuma umepigiwa hesabu na gia za ndani. Mtu akifunga tairi za nyuma za saizi nyingine kwa sababu ndizo alizozipata, mbele na nyuma vinaanza kushindana, na anayeumia ni difu ya mbele. Kwa sababu hiyohiyo toa fowili ukiingia kwenye lami au sakafu ngumu.

Unaponunua kwa picha kutoka Japani, omba video ya kuwashwa kwa baridi, picha ya kibao chenye namba, na picha za uvunguni. Kabla ya kutuma hela, mpe wakala wa forodha wa kwako maelezo kamili ya trekta, akuandikie gharama zote na masharti ya ukaguzi wa viwango yanayohusu mashine zilizotumika. Ahadi ya simu haitoshi.

Sasa spea. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kesi kuhusu matrekta ya aina hii. Walioyaingiza nchini humo matrekta ya Kubota yaliyotumika Japani walishindwa, kwa sababu mahakama iliona kwamba trekta lililojengwa kwa soko la Japani linatofautiana kwa mambo ya msingi na lile lililojengwa kwa soko la Marekani, hata kama jina ubavuni ni lilelile. Vipuri vilitofautiana, maonyo na maelekezo yalikuwa ya Kijapani, na huduma ya wakala haikuambatana nalo. Hukumu hiyo haituhusu sisi kisheria, lakini hali iliyoelezwa mahakamani ndiyo utakayokutana nayo dukani Kariakoo au Nairobi. Utataja namba ya trekta na muuza spea atatikisa kichwa.

Njia ya kupita ni namba ya injini. Kubota, kwa mfano, huipa injini herufi Z ikiwa na silinda 2, D ikiwa na 3, V ikiwa na 4, na tarakimu zinazofuata hukaribia ujazo wake, hivyo D1105 ni ya silinda 3 na ujazo wa karibu lita 1.1. Injini za familia hizi ziko kila mahali nje ya matrekta. Zimo kwenye jenereta, kwenye minara ya taa za ujenzi, na kwenye mashine za kupoozea za malori yanayobeba samaki na maua: Carrier wametumia Kubota, Thermo King wametumia Yanmar. Fundi anayetengeneza mashine za malori hayo anaweza kuwa msaada kwako kuliko fundi wa matrekta makubwa ambaye hajawahi kuifungua injini ndogo kama hiyo.

Giaboksi na ekseli ya mbele hazina bahati hiyo. Spea zake hutafutwa kwa namba ya trekta lenyewe, mara nyingi Japani, na unaweza kungoja miezi. Ndiyo maana kanuni yangu ya kununua ni hii: ubovu wa injini ni sababu ya kupunguziwa bei, ubovu wa giaboksi ni sababu ya kuondoka. Wanunuzi wengi hufanya kinyume, wanaogopa moshi na kusamehe gia inayoruka.

Maandishi ya Kijapani kwenye mikono na swichi yatafsiri kwa kamera ya simu siku ya kwanza, kisha uyaandike kwa Kiswahili kwa rangi isiyofutika. Picha za kobe na sungura zinajieleza, lakini mkono wa PTO haujielezi, na huo ndio unaohitaji maandishi kuliko yote.

PTO ya kawaida duniani huzunguka mara 540 kwa dakika, na slasha hujengwa kwa kasi hiyo. Matrekta ya Kijapani yana gia tatu au nne za PTO kwa ajili ya rotaveta. Kwa kawaida ya kwanza ndiyo iliyo karibu na 540; za juu zinaizidi. Dereva asiyejua akiingiza gia ya tatu na slasha nyuma, visu vitazunguka kwa kasi ambayo giaboksi ya slasha haikutengenezewa, na jiwe litakalorushwa halitachagua mtu. Baada ya kuhakikisha gia ipi ndiyo sahihi, wengine hufunga kipande cha chuma ili nyingine zisiingie. Nawaunga mkono.

Kuna hatari nyingine isiyotajwa na wauzaji. Kwenye matrekta mengi ya zamani PTO inaendeshwa kupitia giaboksi, na visu vizito vya slasha vikishapata kasi huendelea kusukuma hata ukikanyaga klachi. Unadhani umesimama, trekta linaendelea kwenda mbele kuelekea ukuta au mtu. Dawa ni kiungo cha kufunga kwenye shafti, kinachoshika upande mmoja na kuachia upande mwingine kama frii-wili ya baiskeli. Bei yake ni ndogo ukiilinganisha na trekta. Kama trekta lako ni la aina hiyo, usifyeke hata mara moja bila kiungo hicho.

Shafti iwe na kifuniko chake cha plastiki. Kanga, shuka, koti refu au kamba ya kofia ikinaswa na shafti inayozunguka, hakuna anayewahi kuzima. Kabla ya kufyeka, mtu atembee eneo lote akiokota mawe, nyaya na chupa. Shuleni kazi ifanyike wanafunzi wakiwa wameondoka, na hakuna mtoto wa kubebwa kwenye madigadi, hata awe wa mwenye trekta. Siti ni moja.

Kuhusu kupinduka sitapunguza maneno. Trekta dogo ni jembamba, na likiwa na kijiko kilichojaa kikanyanyuliwa juu, linataka kulala ubavu kwenye mteremko ambao kwa miguu huuoni kama mteremko. Sweden iliamuru matrekta mapya yawe na fremu ya kumkinga dereva tangu mwaka 1959, na nchi nyingine zikafuata kwa sababu fremu inaokoa. Matrekta mengi ya zamani kutoka Japani yanakuja bila fremu. Tafuta lililo nayo, hata kama itabidi kusubiri shehena nyingine. Fremu iliyochomelewa mtaani kwa kukisia inaweza kukatika kwenye maungio siku ile unayoihitaji. Penye fremu, mkanda ufungwe. Pasipo na fremu, mkanda usifungwe, kwa sababu utamshikilia mtu chini ya chuma. Kwenye mteremko pandisha na kushusha, usikate kwa ubavu. Mzigo uvutwe kutoka ndoano ya chini tu. Ukifunga mnyororo juu ya ekseli ya nyuma, trekta huinuka mbele na kumwangukia dereva mgongoni, haraka kuliko anavyoweza kukanyaga klachi. Na kijiko cha mbele kinapofanya kazi, weka uzito nyuma.

Likishafika nyumbani, kabla ya siku ya kwanza ya kazi, mwaga oili zote: ya injini, ya giaboksi, ya ekseli ya mbele. Badilisha machujio yote na maji ya rejeta, na piga grisi kila mahali mpaka ile ya zamani itoke. Gharama hii iwe kwenye bajeti ya kununua, pamoja na slasha na kile kiungo cha shafti. Anayemaliza hela yote kwenye trekta hubaki na trekta lisilo na kitu cha kuvuta.

Baadaye, adui wakubwa wa mashine hizi huku kwetu ni dizeli chafu na rejeta iliyoziba. Dizeli ya madumu iache itulie, usimimine ya chini kabisa, na mwaga maji kwenye kikombe cha chujio kila wiki. Jaza tenki jioni, ili unyevu wa usiku usipate nafasi ya kugeuka maji ndani. Unapofyeka nyasi zilizokomaa, mbegu zake hujipanga kwenye wavu wa rejeta hadi hewa isipite. Simama kila baada ya muda, zima, upanguse. Injini hizi ndogo huungua kimyakimya, maana dereva anatazama nyasi na hatazami kipimo cha joto. Pwani ongeza kuosha chumvi kwa maji matamu na kupaka mafuta kwenye nyaya za betri.

Wenye bustani za nyasi laini wajue kwamba matairi ya jaruba yenye meno marefu yatazichana. Ama utafute matairi ya bustani, ya saizi inayolingana na difu, ama usiingie kabisa siku mbili baada ya mvua kubwa. Geuza kwa duara pana, bila fowili, na badilisha njia ya magurudumu kila unapofyeka ili udongo usigandamane kwenye mistari ileile.

La mwisho ni dereva. Awe mmoja, afundishwe, naye ndiye abaki na ufunguo. Aandike kwenye daftari saa za kazi, lita za dizeli na grisi iliyopigwa. Trekta la nguvu za farasi 20 kwa kazi ya wastani hutumia takriban lita 2 hadi 4 kwa saa, na zikipanda ghafla, kuna ugonjwa au kuna dumu linalotoka usiku. Mlipe kwa siku, usimlipe kwa ekari. Anayelipwa kwa ekari atapandisha gia kwenye nyasi ndefu, hatashuka kuokota waya, na hatasimama kupangusa rejeta, kwa sababu kila dakika ya kusimama inatoka mfukoni mwake.